Maisha ya Heinrich Hertz, Mtu Ambaye Jina Lake Limo Katika Kila Redio

Wasomaji wetu wapenzi, na hasa ninyi mlio katika majeshi ya ulinzi na katika polisi, haipiti siku bila ya ninyi kulisoma au kulitaja jina la mtu mmoja aliyefariki dunia zaidi ya miaka 130 iliyopita. Fundi wa mitambo anapowapangia masafa ya simu ya upepo hutaja megahertz kadhaa, na juu ya redio yenyewe huandikwa MHz. Wengi wetu hudhani kuwa hilo ni neno la kipimo tu, kama vile kilo au mita. Kumbe ni jina la ukoo wa binadamu aliyezaliwa, akasoma, akatumikia jeshi, akaoa, akaugua na kufa kama sisi sote.

Tumeonelea vema kuwasimulia maisha ya bwana huyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni maisha mafupi yaliyojaa bidii na uangalifu. Pili, yeye ndiye aliyeonyesha kwamba namna waya wa redio unavyosimama, unavyoinama au unavyolala ndivyo wimbi linavyotoka na ndivyo litakavyopokelewa. Jambo hilo huonekana dogo. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na kwa askari aliye mbali na wenzake, pembe ya antena huweza kuamua kama wito wake utasikika au utapotea hewani.

Utoto na utumishi wa jeshi

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari, 1857, katika mji wa Hamburg, ulio bandari kubwa kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav, alikuwa mwanasheria ambaye baadaye alipata kuwa seneta wa mji huo, na mama yake, Anna Elisabeth, alikuwa binti wa daktari wa jeshi. Heinrich alikuwa kifungua mimba katika watoto watano.

Tangu utotoni alionyesha vipaji viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja. Akili yake ilipenda elimu ya vitabu na lugha, hata akajifunza Kiarabu angali mwanafunzi wa shule. Mikono yake nayo ilipenda ufundi, akajifunza useremala na kazi ya kukereza kwa mashine. Ufundi huo haukuwa mchezo wa kitoto uliopita na wakati, maana baadaye ulimwezesha kujitengenezea vyombo ambavyo havikupatikana katika duka lolote duniani.

Alipomaliza shule mwaka 1875 alikusudia kuwa mhandisi wa ujenzi. Alikwenda Frankfurt kujizoeza kazi, kisha akasoma kwa muda mfupi katika chuo cha ufundi cha Dresden. Kuanzia mwaka 1876 hadi 1877 alitumikia jeshi kwa mwaka mmoja katika rejimenti ya reli mjini Berlin. Kwa hiyo wasomaji wetu wasimdhanie kuwa mtu asiyejua gwaride wala amri. Naye alivaa sare kama ninyi mnavyovaa.

Baada ya utumishi huo alikwenda Munich kuendelea na uhandisi. Huko ndiko moyo wake ulikogeuka, akatambua kuwa alichokitamani ni kuzitafuta sheria zenyewe za maumbile. Hata hivyo hakujiamulia peke yake. Alimwandikia baba yake barua kumwomba ruhusa ya kuacha uhandisi na kushika fizikia, na baba yake akamkubalia.

Swali lililoachwa na Maxwell

Mwaka 1878 Hertz alihamia Berlin, akawa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz, mwanachuoni aliyeheshimiwa sana katika Ujerumani ya siku zile. Mwaka uliofuata alipata nishani ya dhahabu kwa utafiti wa umeme, na mwaka 1880, akiwa kijana wa miaka 23, akapewa shahada ya udaktari. Helmholtz akamfanya msaidizi wake.

Wakati huo wanachuoni wa fizikia walikuwa na swali kubwa. Mwaka 1865 James Clerk Maxwell wa Scotland alikuwa ametangaza, kwa njia ya hesabu peke yake, kwamba nguvu za umeme na sumaku husafiri hewani kama mawimbi, kwa mwendo wa kilometa 300,000 hivi kwa sekunde, na kwamba mwanga wenyewe ni wa jamii hiyo ya mawimbi. Maxwell alifariki mwaka 1879 kabla ya mtu yeyote kuyathibitisha hayo kwa majaribio. Mwaka huo huo Akademia ya Sayansi ya Berlin ilitoa tuzo kwa atakayeweza kulichunguza jambo hilo, na Helmholtz akamshauri mwanafunzi wake ajaribu. Hertz alipima uwezo wa vyombo vya wakati ule, akaona havitoshi, akakataa. Lakini swali hilo hakulisahau.

Mwaka 1883 alikwenda kufundisha katika chuo kikuu cha Kiel, na mwaka 1885 akawa profesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Mwaka 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake wa hapo chuoni. Ni katika mwaka huo huo, alipokuwa akitumia vyombo vya kufundishia wanafunzi, alipoona cheche ndogo ikiruka katika waya ambao haukuunganishwa na kitu chochote chenye umeme. Hapo akajua kuwa njia aliyoikosa mwaka 1879 imempitia mbele ya macho.

Cheche gizani

Mtambo wake wa kupelekea mawimbi ulikuwa mwepesi kuuelewa. Alichukua vipande viwili vya waya, akavinyoosha katika mstari mmoja na kuacha pengo dogo katikati. Umeme mkali ulipoletwa, cheche iliruka katika pengo hilo, na umeme ukawa unakwenda na kurudi ndani ya waya mamilioni ya mara kwa sekunde. Chombo cha kupokelea kilikuwa waya uliopindwa kama duara, nao ukiwa na pengo jembamba mfano wa unywele. Wimbi lilipofika, cheche ndogo mno iliruka katika pengo hilo. Ili aweze kuiona, Hertz ilimbidi akae gizani mpaka macho yake yalizoee giza.

Mapema kabisa alikutana na jambo la kustaajabisha. Alipoligeuza lile duara bila ya kusogea hata hatua moja, cheche ziliongezeka, zikapungua, au zikatoweka kabisa. Umbali ulikuwa ule ule, na nguvu ya mtambo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni pembe tu. Mtu asiye na subira angedhani kuwa chombo kimeharibika. Hertz yeye alizunguka mtambo wake mahali baada ya mahali, akiandika kila pembe na hali ya cheche zake.

Mwishoni mwa mwaka 1888 alifanya majaribio yaliyomweka katika historia. Alikunja mabati mawili ya zinki yenye urefu wa meta 2 yakawa kama vioo vya taa ya gari vinavyokusanya mwanga na kuuelekeza mahali pamoja. Katika bati moja aliweka mtambo mdogo wa kupelekea, wenye urefu wa sentimita 26 hivi, na katika la pili akaweka nyaya za kupokelea. Mawimbi aliyoyapata yalikuwa na urefu wa sentimita 66. Kwa hesabu ya siku hizi hayo ni kama megahertz 450, yaani karibu na masafa yale yale yanayotumiwa na redio nyingi za mkononi.

Alipofunga mlango wa mbao kati ya mitambo miwili, cheche ziliendelea kuonekana. Aliposimama mtu katikati ya njia, cheche zilizimika. Alipoweka kipande kikubwa cha lami chenye umbo la pembetatu na uzito wa kilo 600 hivi, mawimbi yalipinda kama mwanga unavyopinda katika kioo. Kwa hayo alithibitisha kuwa Maxwell alisema kweli.

Waya wima na waya uliolala

Jaribio lililofuata ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu. Mitambo yote miwili ilipokuwa wima, cheche zilikuwa nzuri. Hertz akaanza kulilaza bati la kupokelea kidogo kidogo huku likiendelea kuelekea mtambo wa kupelekea. Kadiri lilivyoinama, cheche zilififia. Lilipolala kabisa, likawa limekingamana na lile la kwanza kama msalaba, cheche zikatoweka.

Kisha alitengeneza fremu ya mbao yenye upana wa meta 2, akaitandaza nyaya za shaba zilizonyooka sambamba, kila waya ukiwa sentimita 3 kutoka mwenzake. Aliisimamisha katikati ya mitambo miwili iliyo wima. Nyaya za fremu zilipokuwa zimelala, mawimbi yalipita kama kwamba hapakuwa na kitu. Alipoigeuza fremu hiyo hiyo mpaka nyaya zake zikasimama wima, mawimbi yalizuiwa kabisa.

Sababu yake ni hii. Wimbi la redio hutikisika katika mstari wa waya uliolitoa. Waya ukisimama, wimbi hutikisika juu na chini. Waya ukilala, nalo hutikisika kwa ulalo. Wimbi likikuta waya uliolala katika mstari wake, huusukuma umeme wa ndani ya waya huo kwa urefu wake wote, na nguvu ya wimbi hunaswa au kurudishwa. Likikuta waya uliokingama, halipati urefu wa kuusukuma umeme huo, likapita zake. Ni kama ufunguo bapa na tundu la kufuli: ufunguo waweza kuwa ndio wenyewe, lakini ukiulaza mahali panapotaka wima hauingii.

Hertz aliendelea kufanya hesabu, na mwaka 1889 alichapisha michoro ya nguvu zinazouzunguka waya mfupi unaotoa mawimbi. Ilionekana kuwa waya haumwagi nguvu zake sawasawa pande zote. Hutoa nguvu nyingi ubavuni, na katika mwelekeo wa ncha zake hautoi kitu. Umbo la mnunurisho huo ni mfano wa ngata ambayo mama zetu huweka kichwani wabebapo mtungi, na waya wenyewe umepita katika tundu la katikati.

Mafunzo kwa askari wa leo

Kutokana na majaribio hayo ya Karlsruhe, twaweza kueleza mambo manne ambayo mtumiaji yeyote wa redio ya upepo atayaona kazini mwake.

Kwanza ni kupatana kwa pembe. Iwapo antena ya kituo iko wima na ya askari imeinama nyuzi 30 kushoto au kulia, mpokeaji hupata robo tatu ya nguvu ambayo angeipata. Ikiinama nyuzi 45 hubaki nusu, na ikiinama nyuzi 60 hubaki robo. Ikilala kabisa kwa kukingamana, kwa hesabu hakibaki kitu. Katika mazingira ya kweli hubaki sehemu ndogo sana, kwa sababu mabati, miti na nyaya za umeme huyapotosha mawimbi na kubadilisha pembe yake. Hertz aliliona hilo pia: alipoinamisha fremu yake kwa nyuzi 45 kati ya mitambo iliyokingamana, cheche zilizotoweka zilianza kuonekana tena. Basi askari alalaye chini kujikinga huku redio ikiwa mgongoni huilaza na antena yake, na pengine ndicho kinachofanya sauti yake ififie wakati ule hasa anapohitaji msaada. Ikiwa hali yaruhusu, antena yenye kiungo cha kupinda chini yake yaweza kusimamishwa wima hata mwenyewe akiwa amelala.

Pili ni kutoelekeza ncha. Wako watu ambao mawasiliano yakiwa dhaifu huishika redio kama bunduki na kuielekeza ncha ya antena upande wa kituo. Wanadhani mawimbi hutoka nchani kama risasi itokavyo mtutuni. Kwa kufanya hivyo wanamwelekezea msikilizaji upande ule ambao waya hautoi mawimbi. Ubavu wa antena ndio unaopasa kumwelekea.

Tatu ni mwili wa binadamu. Kama mtu aliyesimama katika njia ya mawimbi alizima cheche za Hertz, basi hata leo redio iliyovaliwa kiunoni, nayo imeinama na kugusana na mwili, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Polisi wa doria akiitoa redio yake kiunoni, akaiinua usawa wa uso na kuisimamisha wima, huwa amesahihisha makosa mawili kwa tendo moja.

Nne ni kwamba pembe huchaguliwa kufuatana na kazi. Waya wima wafaa kwa mawimbi yanayoambaa ardhini, maana ardhi huyafifiliza upesi yale yanayotikisika kwa ulalo. Lakini katika nchi ya milima mirefu na mabonde, kama vile Rwenzori au Virunga, mawimbi yaambaayo ardhini huzuiwa na milima. Hapo mafundi wa redio za masafa ya chini, kama megahertz 2 mpaka 10, hutandaza waya mlalo usioinuliwa juu sana, au huifunga antena ya gari ikainama nyuma, ili mawimbi yapande karibu wima na kurudi chini kutoka tabaka za juu za anga. Mawimbi yarudiyo kwa njia hiyo huwa yamekwisha kupotoshwa pembe zake, kwa hiyo kupatana kwa antena mbili si jambo kubwa tena. Kwa ufupi, hakuna pembe iliyo bora kwa kila kazi; iko inayofaa kazi fulani, na yafaa wote walio katika mtandao mmoja waijue.

Bonn na ugonjwa

Sifa za Hertz zilienea upesi. Mwaka 1889 aliitwa kuwa profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha Bonn, na mwaka 1890 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku nishani ya Rumford. Ni katika siku hizo za Bonn mhandisi mmoja alipomwandikia akimwuliza kama mawimbi hayo yangeweza kuchukua sauti za simu. Hertz alijibu kuwa haiwezekani, kwa vile mawimbi ya sauti ya simu ni marefu mno, na kuyaelekeza kungehitaji vioo vyenye ukubwa wa bara zima. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa swali aliloulizwa. Njia ya kuibebesha sauti juu ya mawimbi mafupi zaidi haikuwa imepatikana bado, naye hakuishi kuiona.

Mwaka 1892 alipatwa na maumivu makali ya kichwa na maambukizo yaliyoingia katika mifupa. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa bila ya kupona. Pamoja na mateso hayo aliendelea kufundisha mpaka Desemba 1893, na kuandika kitabu chake cha mwisho, juu ya misingi ya elimu ya mwendo na nguvu, kilichotoka mwaka 1894 akiwa kaburini. Alifariki Bonn tarehe 1 Januari, 1894, hajatimiza miaka 37, akazikwa Hamburg alikozaliwa. Aliacha mjane na wasichana wawili, Johanna mwenye miaka 6, na Mathilde ambaye hajafika miaka 3.

Kazi iliyobaki

Mwaka ule ule wa 1894, Guglielmo Marconi, kijana wa Italia, alisoma habari za marehemu na za kazi yake, akaanza majaribio. Mwaka 1895 alisimamisha waya juu na kuuunganisha mwingine na ardhi, na mawimbi yakafika umbali ambao hayakupata kufika. Tarehe 12 Desemba, 1901, alitangaza kuwa amepokea ishara zilizovuka bahari ya Atlantiki. Kutoka hapo zikaja redio za meli, za majeshi na za polisi.

Heshima ya Hertz katika nchi yake ilipatwa na msukosuko. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, na utawala wa Wanazi uliposhika nguvu, picha yake iliondolewa katika jumba la mji wa Hamburg. Mjane wake na binti zake walihamia Uingereza katika miaka ya 1930. Baadaye picha hiyo ilirudishwa. Mwaka 1960 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulilikubali jina la hertz kuwa kipimo cha idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Hata wale waliotaka kulifuta jina lake hawakuwa na redio isiyotii sheria alizozionyesha.

Ndugu wasomaji, Hertz hakuwa na mitambo ya gharama. Alikuwa na bati, waya, fremu ya mbao, mikono iliyozoea kazi, na desturi ya kutolipuuza jambo kwa kuwa ni dogo. Cheche zilipozimika alijiuliza kwanza chombo chake kimekaa kwa pembe gani. Basi nasi, sauti ikifififia katika redio, kabla ya kuilaumu betri, fundi au mwenzetu wa upande wa pili, tuitazame antena imesimamaje. Tendo hilo halina gharama wala halihitaji cheo, na kwa mtu anayengoja kuokolewa huenda likawa ndilo lililomfikishia msaada.